Mashine Tatu, Santuri Moja

Sehemu ya saba

Mlioniandikia wiki hii kunitukana, nimewasoma. Yule aliyeniita muuaji nimemsoma mara mbili. Sina la kujibu. Nimechoka, na mimi nikichoka hukubali makosa haraka ili niachwe nikae.

Kwa aliyeliokota gazeti hili leo tu kwenye benchi la kinyozi, nieleze kwa kifupi.

Mimi ni muuza mitambo ya muziki. Jina la kazini ni Sikio. Duka letu ni la watu wenye nafasi zao: spika ndefu kama mlango, amplifaya za kupashwa moto nusu saa kabla ya kusikilizwa. Miaka ishirini na miwili sasa, mteja akishindwa kuchagua, tajiri mwenye duka husema, "Mwiteni Sikio." Nami huja nimejaa maringo, nafumba macho, nasikiliza, natoa hukumu.

Mama mkwe wangu alifariki miezi miwili iliyopita. Kwenye sanduku lake tukakuta santuri moja ndogo ndani ya foronya. Ni sauti ya marehemu baba mkwe. Alikuwa amekwenda kazi ya mkataba mbali, akaingia kwenye kibanda cha kurekodi, akasema maneno yake, akaituma nyumbani kwa posta. Wiki sita baadaye jengo likamwangukia. Mke wangu alikuwa bado tumboni.

Hajawahi kumsikia baba yake. Picha ipo moja, ya kikundi, na uso wa baba umezibwa na kofia ya mtu wa mbele.

Basi mke wangu na dada yake mkubwa wakachanga, wakanikabidhi kazi: nitafute mashine ya santuri iliyo bora kuliko zote, wamsikie baba yao angalau mara moja vizuri. Mke wangu akaongeza ombi.

"Usiipige kabla sijakaa na mimi. Mara ya kwanza nataka tuwe pamoja."

Nikasema sawa. Kesho yake nikaitia kwenye begi nikaenda nayo dukani.

Wiki iliyopita niliwaacha pale fundi wetu, mzee Bisibisi, alipoishika santuri, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza, "Umeipiga mara ngapi?"

"Kama sitini," nikasema.

Bisibisi akatafuta kiti bila kugeuka, akakaa.

"Sitini."

"Sitini na kidogo. Mashine zilikuwa tatu, mzee, na kila moja nilitaka kuijaribu na sindano tatu."

"Haya matundu matatu hapa katikati umeyaona?"

"Nimeyaona. Nilidhani waliitundika ukutani."

"Ukutani," akasema. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Kijana wangu, hii haikutoka kiwandani. Zile za kiwandani ni plastiki iliyogandamizwa, unaipiga mpaka wajukuu waichoke. Hii ni bati limepakwa lakeri. Sauti ilichongwa hapo hapo mtu akisema. Haya matundu ni ya kuishikilia wakati wa kuchonga. Lakeri yenyewe ni laini kama rangi ya kucha. Ikiwa mpya, unaipiga mara kumi, ukibahatika kumi na tano, kwisha. Na hii imekauka miaka arobaini na tisa."



"Sindano ilikuwa inatoka na vumbi?" akauliza.

"Vumbi jeusi, kidogo tu. Nilikuwa napuliza."

Akanitazama kwa huruma, na mimi huruma ya Bisibisi siipendi, kwa sababu huitoa kwa vitu visivyotengenezeka.

"Lile halikuwa vumbi, Sikio."

Jamani, nilikuwa nampuliza baba mkwe wangu. Wiki mbili nzima, kila asubuhi kabla wateja hawajaingia, nilikuwa naisogeza sindano mdomoni, fuu, anaangukia kwenye zulia la duka, na saa nne anapita mfagizi.

Mtaniuliza ilikuwaje mtu wa miaka ishirini na miwili kazini asigundue. Nami nawaambia, ni kwa sababu ya hiyo miaka ishirini na miwili.

Mashine ya kwanza ilikuwa ya mkanda wa mpira unaozungusha sahani. Nikaipiga, sauti ikawa nzito, nzuri. Nikaandika: nzuri. Mashine ya pili mota yake inazungusha sahani moja kwa moja. Nikaipiga, sauti ikawa imefifia kidogo. Nikaandika: hii hapana, bora ya kwanza. Nikarudi kwenye ya kwanza kuhakikisha. Sauti ikawa imefifia zaidi! Nikasema alaa, kumbe ya pili ndiyo nzuri, masikio yalinidanganya. Nikarudi kwenye ya pili. Mbaya kabisa.

Mtu mwenye akili za kawaida angesimama hapo. Angesema: mashine zote haziwezi kuharibika kwa zamu. Mimi nikabadilisha sindano. Nikabadilisha nyaya. Nikasogeza spika, nikavuta pazia. Santuri ikaanza kuruka, nikaongeza uzito wa mkono wa mashine ili sindano ishike vizuri. Naam, niliukandamiza mkono mimi mwenyewe kwa kidole hiki ninachoandikia.

Mwishoni nikachagua ya tatu, yenye sahani ya kioo kizito, kwa sababu tu ndiyo niliyoijaribu mara chache. Ikafungwa, ikapangwa kupelekwa nyumbani Jumamosi.

"Hukurekodi hata kwa simu?" Bisibisi akauliza.

"Mimi? Kwa simu?"

Hilo lilinitoka lenyewe, na maringo yake yote. Mimi ndiye ninayewaambia wateja simu ni ya kupigia, si ya kusikilizia.

Bisibisi akatikisa kichwa. "Anasemaje humo?"

"Anamsalimia mama mkwe. Anaeleza habari za viatu. Halafu anasema na mke wangu."

"Si umesema alikuwa tumboni?"

"Ndiyo. Anasema na tumbo."

 Mzee akairudisha santuri kwenye foronya taratibu.

"Mkeo anajua kuwa ametajwa humo?"

"Hajui. Mama yake aliwaambia tu kuwa baba aliacha sauti."

"Na mwingine aliyeisikia?"

"Alikuwa marehemu mama mkwe. Sasa ni mimi tu."

"Basi sikiliza," akasema. "Ukitaka kupona, sema imezeeka. Nani atakubishia? Santuri hizi huzeeka zenyewe sandukuni. Lakini ukisema hivyo, hayo maneno umeyameza na utakufa nayo. Na ukitaka kumpa mkeo maneno yake, itabidi kwanza umwambie umeyatoa wapi."

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika, ndugu zangu. Maji shingoni, na ngazi niliivunja mwenyewe.

Jumamosi mashine ikaja. Mke wangu alikuwa ameamka na kupanga sebule upya. Viti vitatu, vyote vimeielekea meza moja, kama chumba cha daktari. Televisheni ameifunika kitambaa.

"Isije ikatushughulisha," akasema.

"Imezimwa, mama."

"Hata hivyo."

Shemeji mkubwa akafika saa nane mchana. Huyu ndiye aliyemlea mke wangu mama yao alipokuwa kazini, na mpaka leo akiingia kwetu hukagua masufuria. Mimi na yeye tunaheshimiana kwa mbali. Alikuwa na miaka mitano baba yao alipoondoka. Anakumbuka magoti yake tu, na harufu ya sabuni.

Akaizunguka mashine.

"Hii ndiyo?"

"Ndiyo yenyewe, dada."

"Mbona iko uchi? Kifuniko kiko wapi?"

"Za namna hii hazina kifuniko."

"Hela zote zile, hata kifuniko?"

"Dada, mwache afanye kazi," mke wangu akasema.

Nikafanya kazi. Nikaweka pimamaji juu ya meza, nikazungusha miguu ya mashine mpaka kiputo kikatulia katikati. Nikapima uzito wa mkono kwa kimizani kidogo nilichotoka nacho dukani. Nilikuwa nafanya taratibu kuliko ilivyohitajika. Nilishatunga sentensi yangu bafuni asubuhi: lazima nikubali, imezeeka mno. Nilikuwa nimeijaribu mbele ya kioo, na uso nao nimeupangia.

"Tayari?" mke wangu akauliza. Alikuwa ameshika mkono wa dada yake.

"Tayari."

Nikaishusha sindano.

Fuuuuu. Kwaru. Fuuuuu. Ndani kabisa, kama jirani anayeongea ukuta wa pili, kitu kikapanda na kushuka. Ukijua ni mtu utasema ni mtu. Usipojua utasema ni bomba la maji.

Mke wangu akainama. Akasogea. Akapiga magoti, akaweka sikio kwenye kitambaa cha spika. Dakika mbili na nusu hakupepesa jicho. Sindano ikafika mwisho, ikabaki inagonga, tik, tik, tik, na mimi nikauinua mkono.

Nikafungua mdomo niseme sentensi yangu. Shemeji mkubwa akaniwahi.

"Mashine mbovu!"

"Dada..."

"Mbovu! Nilisema mimi, tukanunue ya kawaida yenye kifuniko. Huyu shemeji, bidhaa imewadodea dukani, akaona aje atutupie sisi. Irudishwe. Leo hii!"

Mke wangu akainuka. Macho yalikuwa makavu, ila shavu lilikuwa na alama ya kitambaa cha spika.

"Dada, sitaki kusikia neno hilo. Mume wangu katika maisha haya anajua kitu kimoja, na ndicho hiki. Hafungi bomba, hapigi pasi, hajui hata namba ya kiatu chake. Lakini mashine hawezi kukosea. Wiki mbili ameondoka hapa alfajiri kwa ajili hii."

Afadhali angenipiga kofi.

"Basi ni nini?" dada akauliza.

"Ni santuri. Imezeeka. Mama aliiweka kwenye foronya miaka yote ile, joto lake, unyevu wake." Akanigeukia. "Si ndiyo, mume wangu? Imezeeka tu?"

Jamani, sentensi yangu, neno kwa neno, ameniandalia mwenyewe na kuniwekea mbele. Sikuhitaji hata kusema. Kutikisa kichwa kukubali tu.

Nikatikisa kichwa.

Ndiyo, wasomaji wangu, nilitikisa. Tukaneni tena.

Nilidhani yamekwisha. Nikaanza hata kuhesabu siku: atalia leo, kesho atanuna, wiki ijayo tutazoea. Mke wangu akakaa kwenye kiti, akaweka mikono magotini.

"Ni kosa langu," akasema.

"Kosa lako kivipi?" dada akauliza.

"Mama aliniambia. Miaka kumi sasa. Aliniambia, mumeo anafanya kazi kwenye mashine, mwambie atuletee moja tumsikie baba yenu. Mimi nikasema tusubiri, nyumba ina mambo mengi, watoto shule. Nikamwambia, mama, santuri haiendi popote. Akaniuliza tena mwaka juzi, nikamjibu kwa ukali." Sauti ikaanza kumkatika. "Amekufa anasubiri. Na sasa na baba nimemwacha akaozea sandukuni. Mimi ndiye niliyewanyima wote wawili."

Akaanza kulia. Si kile kilio cha msibani cha kupokezana. Alilia kwa kujichukia, anajipiga paja kwa ngumi, na dada yake mkubwa, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akikosa neno, amesimama hana neno.

Nimekuwa mtu wa kukwepa maisha yangu yote. Mnanijua kwa sehemu sita zilizopita. Lakini lile paja sikuweza kulitazama likipigwa.

"Mke wangu, hujambo," nikasema.

Wote wawili wakanitazama.

"Mke wangu, hujambo. Mimi huku ni mzima. Viatu vimefika, asante, ila cha kushoto kinabana."

"Shemeji, umechanganyikiwa?" dada mkubwa akasema.

Nikaendelea. Nilikuwa natazama zulia.

"Hapa kuna mtu ananionyesha kwa kidole muda unavyokwenda, kwa hiyo nitasema haraka. Dirisha la nyuma usilifunge kwa waya, ngoja nikirudi. Mwambie binti mkubwa aache kuichezea baiskeli yangu. Najua anaipanda nikiwa sipo. Mwambie nikirudi nitamfundisha, asivunje meno."

Dada mkubwa akashika ukingo wa meza.

"Nani amekwambia habari za baiskeli?"

 Kama ningesimama nisingeanza tena.

"Na wewe uliye tumboni. Hujambo? Sijui kama u wa kike au wa kiume, kwangu ni sawa tu. Mimi ndiye baba yako. Nasema na wewe sasa kwa sababu mama yako alisema mnasikia. Usimpige mateke sana. Nisubiri kidogo, nakuja, nina..."

"Nina nini?" mke wangu akauliza.

"Inaishia hapo. Muda ulikwisha."

 Mke wangu alikuwa hanitazami mimi, alikuwa anaitazama spika.

"Sijambo, baba," akaiambia.

Kisha akanigeukia, na nikaona uso wake unavyopiga hesabu.

"Umeipiga," akasema.

"Nimeipiga."

"Kabla yangu."

"Kabla yako. Nilitaka kuchagua mashine inayoifaa. Kila santuri ina tabia yake, nikaona siwezi kuchagua bila..."

"Mara ngapi?"

"Sitini na kidogo."

"Na mara ya kwanza alikuwa anasikika?"

"Alikuwa anasikika vizuri kabisa."

Nikaeleza yote. Bati, lakeri, matundu, uzito wa mkono, vumbi. Vumbi nilitaka kuliruka, nikashindwa. Shemeji mkubwa alilipuka, akaniita majina ambayo mhariri hataki niyaandike. Akasema ataita kikao cha ukoo, akasema baba yao ameuawa mara mbili. Nikasema ndiyo dada, ndiyo dada. Mke wangu akamwinulia mkono anyamaze.

Yeye hakupiga kelele. Akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana. Akasema kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha.

"Haya yameshatokea. Wewe ndiye mtu pekee aliyebaki duniani aliyemsikia. Mara sitini. Kwa hiyo nieleze. Baba yangu alikuwa na sauti gani?"

"Sauti yake?"

"Ilikuwa nzito au nyembamba?"

"Kwa ile ya mkanda ilikuwa nzito," nikasema. "Nzito ya kujaa. Ila kwa hii ya kioo ikawa nyembamba zaidi, na juu kulikuwa na..."

"Sikuulizi mashine."

"Ndiyo."

"Nakuuliza baba. Alipofika kwangu, alipokuwa anasema na mimi, alikuwa anatabasamu? Alikuwa anaogopa? Alikuwa kama mtu wa mzaha au mtu wa taratibu?"

Nikafumba macho, kama ninavyofanya dukani. Nikarudi kwenye kile chumba chetu cha kusikilizia, kiti kimoja katikati, mapazia mazito. Nikaisikia sindano inashuka. Nikaisikia mota. Nikasikia mahali besi inapovimba, na mahali herufi ya "s" inapokwaruza kwa sindano ya pili. Hata neno "tumboni" nililikumbuka: ndilo nililokuwa nalitumia kupimia kama mkono umekaa sawa. Maneno yote yalikuwepo. Nikamtafuta mtu aliyekuwa anayasema. Nikatafuta tena.

Mke wangu alikuwa anasubiri. Hata dada yake alikuwa amesogea, ameinamisha kichwa asikie.

Ningeweza kutunga. Alikuwa anatabasamu: maneno mawili tu, yangewatosha wote wawili mpaka kufa kwao. Lakini tayari siku hiyo nilikuwa nimetikisa kichwa mara moja.

"Sijui," nikasema. "Sikumsikiliza."

 Mke wangu akainuka, akaitoa santuri kwenye sahani kwa mikono miwili, akaishika kifuani.

"Itoe hiyo mashine," akasema.

"Niipeleke wapi?"

"Itoe tu."

Nikachomoa nyaya. Ni kilo ishirini na nane ile, haibebwi na mtu mmoja, nami nikaibeba peke yangu nimeikumbatia, sahani ya kioo ikinigonga kidevu. Shemeji mkubwa akanifungulia mlango. Nilipofika koridoni nikasikia komeo linasukumwa nyuma yangu, la juu, kisha la chini.

Jirani wa ghorofa ya juu alikuwa anashuka ngazi na ndoo yake ya takataka. Akanitazama mimi, akautazama mzigo, akautazama mlango.

"Kwema, jirani? Mnahama?"

"Sijaambiwa bado," nikasema.